Vali Iliyokwama Mara Mbili

Usiku wa Septemba 24, 1977, katika mtambo wa nyuklia wa Davis-Besse, kando ya Ziwa Erie huko Ohio, Marekani, vali ya kupunguzia shinikizo ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikagoma kufunga. Maji ya kupoza kinu yakaanza kupotelea hapo. Pampu za dharura zilijiwasha zenyewe, lakini waendeshaji waliona kipimo cha maji kikipanda, wakadhani maji yamezidi, wakazizima. Kumbe kipimo kilikuwa kinawadanganya: shinikizo lilikuwa limeshuka, maji ndani ya mfumo yakawa yanageuka mvuke, na mvuke huo ndio uliokuwa ukiyasukuma maji juu. Baada ya kama dakika 20, waling'amua vali imekwama, wakafunga vali nyingine iliyokuwa kwenye bomba lilelile. Kinu kilikuwa kikifanya kazi kwa asilimia 9 tu ya nguvu zake, kwa hiyo hakikuharibika.

Habari ilifika kwenye Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, NRC, na kwa Babcock & Wilcox, kampuni iliyosanifu kinu hicho. Mhandisi wa kampuni hiyo, Bert Dunn, aliona hatari waziwazi. Februari 1978 aliwaandikia wakubwa wake kwamba tukio kama lile likitokea kinu kikiwa kwenye nguvu kamili, fueli ingeweza kubaki bila maji na kuharibika. Alitaka wenye mitambo yote ya aina ile waambiwe wasizime pampu za dharura mapema. Waraka wake ukazunguka kutoka idara hadi idara, ukazaa maswali, na miezi ikapita. Hakuna agizo lililowafikia wateja.

Saa kumi alfajiri, Machi 28, 1979, zamu ikawa ya Three Mile Island, kisiwa cha Mto Susquehanna huko Pennsylvania. Kinu namba 2, cha Babcock & Wilcox pia, kilikuwa karibu na nguvu kamili. Vali ya aina ileile ikafunguka, ikakwama. Taa katika chumba cha udhibiti ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Kama vali imefunga kweli, taa haikuweza kusema. Waendeshaji walitazama kipimo kilekile, wakapunguza maji ya dharura vilevile. Njia ile ya maji ilizibwa baada ya saa 2 na dakika 22. Karibu nusu ya fueli iliyeyuka. Kazi ya kusafisha mabaki iliendelea hadi 1993.

Rais Jimmy Carter aliunda tume ya uchunguzi chini ya John Kemeny. Ripoti yake ya Oktoba 1979 ilionyesha kwamba vali za aina hiyo zilikuwa zimeharibika mara 11 kabla ya ajali, na mara 9 kati ya hizo zilikwama zikiwa wazi. Kampuni ilijua, NRC ilikuwa na taarifa, lakini watu waliokesha mbele ya mitambo hawakuambiwa.

Jambo chungu ni kwamba sheria ilikuwapo. Kifungu cha 206 cha sheria ya nishati ya mwaka 1974 kiliwabebesha wakurugenzi na maofisa wa kampuni, kila mmoja kwa nafsi yake, wajibu wa kuiarifu NRC wakigundua kasoro inayoweza kuhatarisha usalama kwa kiasi kikubwa. Kanuni za utekelezaji, ziitwazo Sehemu ya 21, zilitolewa mwaka 1977. Zinawabana wenye mitambo, wasanifu na wauza vipuri pia, na nakala ya kifungu cha 206 sharti ibandikwe mahali pa kazi. Muda nao umewekwa bayana: ofisa akishapata habari ya kasoro, taarifa ya kwanza ifike ndani ya siku 2, na ya maandishi ndani ya siku 30.

Baada ya ajali, NRC iliunda ofisi ya kuchambua matukio ya mitambo yote, na wenye mitambo wakaanzisha taasisi yao, INPO, ili funzo la mtambo mmoja liwafikie wengine. Dunn alikuwa ametimiza wajibu wake mwaka mzima kabla ya ajali, lakini onyo lake likakwama njiani. Kwa hiyo kila kampuni inayouza kipuri cha usalama ipimwe kwa swali moja: fundi akisema kuna kasoro, ni nani, kwa jina na cheo, anayelazimika kumjibu, na lini?