Nafasi ya amplifaya katika gari

Nafasi ya amplifaya ni mahali panapochaguliwa ndani ya gari kufungia kikuza sauti ambacho gari halikutoka nacho kiwandani. Magari mengi yanayotembea Kimbiji, kata ya pwani ya Wilaya ya Kigamboni iliyokuwa zamani sehemu ya Temeke, ni ya Kijapani yaliyoagizwa yakiwa yameshatumika: Toyota IST, Raum, Probox, Noah, Hiace. Redio zake hutosha spika za milangoni. Anayetaka besi huongeza amplifaya na sabufa, na hapo ndipo huanza kutafuta pa kuviweka. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, gari hufika kwa mafundi wa Kariakoo bila kusubiri pantoni. Fundi wa mjini, hata hivyo, huliona gari likiwa tupu. Haoni litakachopakia likirudi pwani.

Amplifaya hula umeme na kutoa joto. Yenye wati 400 halisi, ya aina ya AB, ikiwa na ufanisi wa asilimia 60 huvuta ampea 48 hivi kwenye volti 13.8, na zaidi ya wati 260 huishia kuwa joto. Ya aina ya D, kwa ufanisi wa asilimia 80, huvuta ampea 36 hivi kwa sauti ileile, na umbo lake ni dogo. Kwa IST au Raum hiyo ni sababu tosha ya kuichagua.

Buti ndilo kimbilio la wengi, na kwa Kimbiji ndilo lenye hatari kubwa. Gari linalobeba samaki hudondosha maji ya barafu yenye chumvi, nayo hupenya kapeti mpaka kwenye shimo la tairi la akiba. Amplifaya iliyolala hapo huoza vituo vya waya kabla haijaungua. Kuibandika nyuma ya mgongo wa siti huiepusha na maji, ila kwa Probox, ambayo siti zake hulazwa kila mara kupisha mizigo, hapo pia hapafai: nazi na magunia ya mihogo huishia juu yake. Kuifunga juu ya boksi la sabufa ni mazoea mabaya yaliyoenea. Mtikisiko hulegeza lehemu na skrubu.

Chini ya siti ya abiria wa mbele ndipo panapofaa zaidi kwa gari dogo. Kimo hupimwa siti ikiwa imekaliwa na mtu mzima, kisha husogezwa mbele na nyuma mpaka mwisho, maana siti tupu hudanganya. Mchanga wa ufukweni huingia na miguu ya abiria, kwa hiyo amplifaya huinuliwa juu ya kipande cha plaiwudi na kuachiwa upenyo wa hewa pande zote. Isifungwe kichwa chini. Joto lake litairudia.

Hiace ina injini chini ya siti za mbele, hivyo amplifaya hupelekwa nyuma, juu ya sakafu. Bajaji nayo ina injini nyuma, na lile eneo la mizigo lililo juu ya injini lina joto kali. Coaster nyingi za dizeli hutumia volti 24: amplifaya ya volti 12 haiungwi moja kwa moja bila kipunguza volti.

Kabla ya kutoboa sakafu ni lazima kuchungulia chini ya gari. Magari madogo mengi yana tangi la mafuta chini ya siti ya nyuma. Honda Fit inalo chini ya siti za mbele. Waya mkubwa wa chanya hupitishwa kwenye tundu lenye mpira, na fyuzi yake hukaa karibu na betri, ndani ya sentimita 45, ili waya ukichubuka njiani usiwashe moto. Nyaya za sauti hupita upande wa pili wa gari. Zikiandamana na wa umeme, spika huvuma kwa kufuata mwendo wa injini. Waya wa hasi hufungwa kwa bolti kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi, kisha kiungo hupakwa grisi, kwa kuwa hewa ya bahari hukipatia kutu upesi kikiachwa wazi.