Namba Kubwa na Kisanduku Kidogo

Leo tutapata habari za namba kubwa mno, na jinsi kompyuta ilivyofundishwa kuzihesabu.

Kwanza shikeni kalamu. Andikeni 4,786, chini yake andikeni 3,958. Tujumlishe tarakimu mbili mbili. 86 na 58 ni 144. Andika 44, ile 1 ichukue upande wa kushoto. 47 na 39 ni 86. Ongeza ile 1, upate 87. Jawabu ni 8,744. Ikumbukeni sana ile 1.

Kompyuta huweka namba katika visanduku, na kila kisanduku kina kipimo chake. Namba ikizidi kipimo, haiingii.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha, bila kompyuta, kwamba namba moja ya tarakimu 39 ni namba tasa, yaani haigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe. Wataalamu walitaka kujua zilizo kubwa zaidi, lakini mkono wa mtu huchoka.

Mwaka 1952 palikuwa na kompyuta iitwayo SWAC mjini Los Angeles, Marekani. Ilikuwa na visanduku 256 tu, wala hakuna kimoja kilichoweza kuweka namba ya tarakimu zaidi ya 11. Mwalimu wa hesabu Raphael Robinson aliiandikia maagizo: ikate namba ndefu vipande vipande, kila kipande na kisanduku chake, ihesabu kipande kimoja kimoja, kinachozidi ikichukue mpaka kipande kinachofuata. Ndivyo mlivyofanya ninyi sasa hivi. Tarehe 30 Januari ikapata namba tasa mbili, ya tarakimu 157 na ya tarakimu 183. Kabla ya mwaka kwisha ikapata tatu zaidi. Iliyozidi zote ilikuwa na tarakimu 687.

Je, mtu akisahau kipimo cha kisanduku? Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Amerika ya Kusini. Ndani yake, namba moja ya mwendo ilipelekwa katika kisanduku kisichoweza kuweka zaidi ya 32,767. Maagizo hayo yalikuwa yametumika katika Ariane 4 bila taabu, lakini roketi mpya ilikwenda kasi zaidi. Namba ikazidi. Vyombo vya kuongoza vikazimika, roketi ikapinda njia, ikavunjika angani baada ya sekunde 40 hivi. Hapakuwa na watu ndani, lakini satelaiti nne zilipotea.

Basi, mwenye duka na daftari lake, na mwandishi wa maagizo ya kompyuta, wote wana sharti moja: kinachozidi kisipotee.

Kazi ya nyumbani: jumlisheni 6,897 na 2,548, tarakimu mbili mbili. Jawabu tutalisoma kipindi kijacho. Kwaherini.