Neno na Nia Yake: Chuki dhidi ya Wayahudi katika Istilahi za Kiswahili

Kazi ya kuunda istilahi aghalabu huelezwa kuwa ni kazi ya kuitafutia dhana ya kigeni jina la Kiswahili. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Yapo maneno ambayo hayakubuniwa ili kuieleza dhana, bali ili kuificha au kuipamba; na mfasiri ayachukuapo kama yalivyo, huchukua pia nia ya wale walioyabuni. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno moja la namna hiyo, pamoja na jamaa zake wachache, kwa kufuata historia ya Wayahudi wa Ulaya tangu mwisho wa karne ya 18.

Neno lenyewe ni lile ambalo lugha za Ulaya hulitumia kutaja chuki dhidi ya Wayahudi. Kwa Kijerumani, lugha lilikoenezwa kwanza, ni Antisemitismus. Mfasiri wa Kiswahili anayelifuata kipande kwa kipande hufikia "upinzani dhidi ya Wasemiti". Hapo hana budi kujiuliza: Wasemiti hao ni akina nani?

Mwaka 1781 mwanahistoria Mjerumani August Ludwig von Schlözer alilitumia jina la Shemu, mwana wa Nuhu, kutaja kundi la lugha zilizoonekana kuwa na asili moja. Leo wataalamu huhesabu katika kundi hilo Kiebrania, Kiarabu, Kiaramu, Kiamhara, Kitigrinya, Kimalta na nyinginezo. Basi Usemiti ni istilahi ya isimu. Hutaja udugu wa lugha, wala si udugu wa damu. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana tofauti hiyo. Lugha yetu ni ya Kibantu, ina hazina kubwa ya maneno yenye asili ya Kiarabu, na husemwa na watu wa nasaba nyingi kutoka Lamu hadi Kisangani. Hakuna awezaye kuijua damu ya mtu kwa kusikiliza ngeli zake.

Tena, Wayahudi wengi wa Ulaya ya Mashariki hawakusema lugha ya Kisemiti nyumbani kwao. Walisema Kiyidishi, lugha iliyo ya jamii moja na Kijerumani, ingawa huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kabla ya vita vya 1939 wasemaji wake walizidi milioni 10. Ilikuwaje basi istilahi ya wanaisimu ikageuzwa kuwa jina la uadui dhidi ya watu hao?

Jibu limo katika historia ya haki za uraia. Kwa karne nyingi Wayahudi wa Ulaya walichukiwa kwa sababu ya dini yao. Chuki hiyo ilikuwa kali, lakini iliacha mlango mmoja wazi: Myahudi aliyekubali kubatizwa aliweza, angalau kisheria, kutoka katika kundi la wachukiwao. Tarehe 27 Septemba 1791 Ufaransa iliwapa Wayahudi uraia kamili, na kufikia 1871 dola mpya ya Ujerumani nayo ilikuwa na sheria iliyoondoa tofauti za haki kwa sababu ya dini. Wayahudi waliingia katika vyuo, mahakama, magazeti na biashara kama raia wengine. Hivyo wale waliotaka kuwazuia walihitaji sababu mpya, ambayo ubatizo wala elimu havingeweza kuifuta.

Sababu hiyo ilitafutwa katika damu. Mfaransa Ernest Renan, katika kitabu chake cha 1855 juu ya historia ya lugha za Kisemiti, alikuwa amekwisha kuzihusisha lugha hizo na tabia na uwezo wa akili wa watu wazisemao. Mwaka 1860 mtaalamu wa Kiyahudi Moritz Steinschneider alimpinga, akiyaita mawazo yake chuki za kibaguzi dhidi ya Wasemiti. Lakini aliyelipa neno hilo nguvu ya siasa ni mwandishi wa magazeti Wilhelm Marr. Mwaka 1879 alitoa kijitabu kilichodai kwamba Uyahudi umeushinda Ujerumani, na mwaka huohuo akaanzisha mjini Berlin chama kilichojiita kwa fahari Umoja wa Wapinga-Wasemiti. Yafaa ikumbukwe kwamba chama hicho hakikuwa na ugomvi wowote na Waarabu wala Wahabeshi. Kijerumani kilikuwa na neno lake la wazi, Judenhass, yaani chuki dhidi ya Wayahudi. Lakini neno hilo lilinuka ghasia za sokoni. Neno jipya lilivaa joho la chuo kikuu, na mtu wa heshima aliweza kulitamka barazani bila haya.

Matukio ya miaka iliyofuata yanajulikana. Katika Urusi, baada ya Tsar Alexander II kuuawa Machi 1881, umati uliwashambulia Wayahudi katika miji mingi ya kusini. Katika Ufaransa, nchi iliyotangulia kutoa haki sawa, kapteni Alfred Dreyfus alitiwa hatiani mwaka 1894 kwa uhaini ambao hakuufanya, na hakusafishwa jina mpaka 1906. Mwezi Aprili 1903 watu 49 waliuawa mjini Kishinev. Mwaka huohuo gazeti moja la St. Petersburg lilichapa maandishi yaliyodaiwa kuwa kumbukumbu za mikutano ya siri ya wazee wa Kiyahudi waliopanga kuitawala dunia. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilithibitisha kwamba sehemu kubwa ya maandishi hayo ilinakiliwa kutoka katika kitabu cha Kifaransa cha 1864, kilichomshambulia Napoleon III na kisichowahusu Wayahudi hata kidogo. Hata hivyo uongo huo umeendelea kusafiri kutoka lugha hadi lugha, na waliousafirisha ni wafasiri.

Mashaka ya Wayahudi wa Urusi yaliigusa hata Afrika ya Mashariki. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia Waziri wa Makoloni Joseph Chamberlain, ilikitolea chama cha Wazayuni ardhi ya kuwaweka Wayahudi. Vitabu huuita mpango huo "Mpango wa Uganda", ilhali ardhi yenyewe ni uwanda wa Uasin Gishu, ulio katika Kenya ya leo. Wajumbe walikuja kuikagua, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni uliikataa. Wenyeji wa upande huo hawakuulizwa na yeyote. Jina la mpango halitaji mahali pake halisi, wala haliwataji wenyeji wake. Mwalimu aufundishapo hana budi kuyaeleza yote mawili.

Katika Ujerumani ya Hitler neno la Marr lilifanywa sheria. Mwaka 1933 Wayahudi nchini humo walikuwa takriban 520,000, chini ya asilimia 1 ya watu wote. Sheria za Nürnberg za Septemba 1935 ziliwavua uraia kamili, na kanuni ya Novemba mwaka huo ikaeleza kuwa Myahudi ni mtu mwenye mababu na mabibi watatu au wanne walio Wayahudi. Lakini Uyahudi wa babu ungejulikanaje? Kwa kuangalia kama alikuwa mfuasi wa dini ya Kiyahudi. Sheria iliyodai kupima damu haikuwa na kipimo chochote cha damu. Ilitegemea vitabu vya usajili wa dini.

Miongoni mwa walioguswa na sheria hizo ni Victor Klemperer, profesa wa fasihi ya Kifaransa mjini Dresden. Alikuwa mwana wa rabi, naye alibatizwa katika Ukristo. Ubatizo huo haukumsaidia kitu, na mwaka 1935 aliondolewa kazini. Aliokoka kwa kuwa mkewe hakuhesabiwa kuwa Myahudi. Katika miaka yote hiyo aliandika kwa siri jinsi lugha ya watawala ilivyoingia vinywani mwa watu wa kawaida, hata wa wale walioonewa, na mwaka 1947 alichapisha kitabu kiitwacho LTI juu ya jambo hilo. Tunadhani hakuna kitabu kimfaacho zaidi mtumishi wa serikali mwenye kazi ya kuandika nyaraka.

Maana mauaji yenyewe yaliendeshwa kwa nyaraka. Tarehe 20 Januari 1942 maofisa wakuu 15, baadhi yao wakiwa na shahada za udaktari wa sheria, walikutana katika nyumba moja ya Wannsee, Berlin. Kumbukumbu za mkutano wao zinasema juu ya "suluhisho la mwisho" na "kuhamishiwa mashariki". Maana ya maneno hayo ilikuwa kuua. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa, karibu theluthi mbili ya Wayahudi wote wa Ulaya. Mfasiri wa maneno kama hayo anapaswa kuyatia katika alama za kunukuu, kisha kuyaeleza. Akiyaacha yapite kama maneno ya kawaida, atakuwa amemalizia kazi ya karani wa Wannsee.

Kosa hilo halikuwa na jina mpaka 1944. Mwaka huo mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland aliyepoteza jamaa zake wengi, aliunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya mbari na neno la Kilatini la kuua. Tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulilitumia neno lake katika Mkataba wa kuzuia na kuadhibu kosa hilo. Hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa iliyomtia mtu hatiani kwa kosa hilo ilitolewa katika ardhi ya Waswahili: ni hukumu ya Jean-Paul Akayesu, iliyosomwa Arusha tarehe 2 Septemba 1998 kuhusu mauaji ya Rwanda ya 1994. Majaji wake walilazimika kuchambua maneno ya Kinyarwanda, likiwamo inyenzi, yaani mende, ili kujua wasemaji walikusudia nini.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, Antisemitismus na jamaa zake katika lugha nyingine lifasiriwe "chuki dhidi ya Wayahudi". Pale linapotaja mfumo wa mawazo na sheria, isemwe "itikadi ya chuki dhidi ya Wayahudi". Watakaolalamika kwamba istilahi hiyo ni ndefu wakumbuke "ubaguzi wa rangi", ambayo haikumshinda mtu yeyote. "Usemiti" na "Kisemiti" yabaki kwa wanaisimu.

Pili, mauaji ya 1941 hadi 1945 yaitwe "Maangamizi ya Wayahudi". Jina Holocaust lina asili ya Kigiriki yenye maana ya sadaka ya kuteketezwa. Anayelifasiri hivyo huwageuza waliouawa kuwa sadaka, na wauaji kuwa makuhani. Neno la Kiebrania Shoah lina maana ya maangamizi.

Tatu, "mauaji ya kimbari" limekwisha kukubalika, nalo libaki. Lakini lifafanuliwe daima kuwa hulinda kundi la taifa, kabila, mbari au dini, na kwamba kiini cha kosa ni nia ya kuliangamiza kundi. "Mauaji ya halaiki" hutaja wingi wa waliouawa tu.

Nne, itenganishwe kati ya Myahudi, Mwisraeli na Mzayuni. Mwisraeli wa leo ni raia wa dola iliyotangazwa Mei 1948, na yapata raia mmoja katika kila watano ni Mwarabu. Mzayuni ni mfuasi wa itikadi ya siasa, na si kila Myahudi anaifuata. Myahudi aweza kuwa Mganda: karibu na Mbale wapo Abayudaya, walioishika dini hiyo tangu 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu, na ambao ibada yao ilipigwa marufuku wakati wa Idi Amin. Gazeti linaloandika "Wayahudi wameamua" pale ambapo ni serikali iliyoamua, linamtaka mkulima wa Mbale ajibu kwa jambo asilolijua. Kadhalika, kuikosoa serikali si kuwachukia Wayahudi. Lakini mwenye chuki akijificha nyuma ya neno "Mzayuni", mfasiri anapaswa kumtambua.

Tunayaweka mapendekezo haya mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ili yajadiliwe. Kwa upande wetu, tunaamini kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyaeleza mambo haya kwa uwazi, na kwamba hatuna sababu ya kukopa neno ambalo wenyewe walilibuni ili lisieleweke.