Kifyatulio
Neno hili limetokana na fyata, yaani kubana kama mbwa abanavyo mkia, ambalo kwa mnyambuliko wa kutendua, unaogeuza maana ya tendo, huwa fyatua, kuachilia kilichobanwa, iwe tofali katika kalibu au mtego. Kwa hiyo kifyatulio cha bunduki hakipigi risasi, bali huachilia nyundo inayosukumwa na kamani, nayo hugonga pini inayowasha fataki, kidonge cha mlipuko kilicho kitakoni mwa risasi. Bastola isipolia, kukilaumu kifyatulio ni pupa, kwani huenda kamani imelegea, pini imekatika au fataki imeingia unyevu.