Adheng: Muungwana wa Kidinka, kutoka Zizini hadi Juba

Kijana wa Kidinka anayekulia Hai Mauna, mtaa wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, huenda hajalala kambi ya ng'ombe hata usiku mmoja. Majirani zake ni mchanganyiko wa makabila, na lugha inayowaunganisha ni Kiarabu cha Juba. Hata hivyo, wazee wa kwao wana kipimo cha kale cha mwanamume: kuwa adheng.

Adheng ndiye muungwana wa Wadinka. Francis Mading Deng, mwanasheria na mwanadiplomasia wa Abyei, alimweleza vizuri katika kitabu chake cha 1972 kuhusu watu wake. Wapo wanaozaliwa katika heshima hiyo kwa sababu ya ukoo. Wapo wanaoipata kwa wingi wa ng'ombe, mradi wawe wakarimu kwa mgeni na mwenye shida. Tajiri bahili haingii. Wapo pia maskini wasio na kitu ila umbo zuri, adabu na ufundi wa kuimba na kucheza ngoma, nao ni adheng kamili.

Kundi hili la tatu ndilo linalostahili kutazamwa zaidi. Kimila, kijana akishachanjwa paji la uso bila kupepesa jicho, haruhusiwi tena kukama. Hupata maksai wake, akaitwa kwa jina linalotokana na rangi ya mnyama huyo na kumtungia nyimbo. Katika jamii inayohesabu utajiri kwa mifugo, fukara aliweza kusimama sawa na mwenye zizi kwa nyimbo na mwenendo wake tu.

Pwani ya Waswahili nayo ilipita njia ya karibu na hiyo. Katika Lamu ya karne ya 19, muungwana alikuwa kwanza mtu huru mwenye nasaba. Utumwa ulipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, uzito ulihamia polepole kwenye tabia.

Kwa Wadinka, mtihani mkubwa wa uungwana huo ulikuwa vita. Zamani, hata walipopigana na jirani zao Wanuer, kuua wanawake, watoto na wazee kulikuwa aibu kubwa. Baada ya SPLA, jeshi la waasi wa kusini mwa Sudan, kugawanyika mwaka 1991 mwiko huo ulivunjwa, na maelfu ya Wadinka waliuawa Bor. Machifu ndio waliojaribu kuurudisha. Kabla ya mkutano wa amani wa Wunlit wa mwaka 1999, wale wa Kinuer walitangulia kwenda kwa Wadinka, na wa Kidinka wakaenda kwa Wanuer, kila upande ukijiweka mikononi mwa adui wa jana. Huko Wunlit fahali mweupe alichinjwa, wakakubaliana kurudisha wanawake na watoto waliotekwa.

Desemba 2013, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, mauaji yaliingia Juba yenyewe, Wanuer wakasakwa nyumba kwa nyumba. Hata wakati huo mwiko wa kale haukufa kabisa: walikuwapo Wadinka waliowaficha majirani zao Wanuer ndani ya nyumba zao, wakijua hatari ya kukutwa nao.