Flashi, LED na Giza la Winam: Mwanga wa Harusi Ukingoni mwa Ziwa Victoria

Harusi ya Jumamosi mjini Kisumu siku hizi ni nadra kukosa stendi mbili tatu za taa za LED zilizoelekezwa meza ya maharusi. Huwashwa wageni wakianza kuketi, huzimwa keki ikishaliwa. Mpiga video anazitaka kwa sababu bila mwanga usiokatika hana kazi. Mpiga picha za mnato aliye kando yake amezizoea pia, na wako wanaoacha flashi nyumbani kabisa. Hoja yao inaeleweka upesi: unachokiona ndicho utakachokipata. Kivuli kikiangukia pua ya bi harusi vibaya, jicho linakinasa kabla ya kidole kubofya. Flashi humlazimu mtu akisie, apige, atazame, arekebishe, apige tena.

Makala hii inadai kwamba katika mazingira ya Kisumu na fukwe za Ghuba ya Winam, kuanzia Dunga na Hippo Point hadi Kendu Bay, Homa Bay na Mbita, flashi inastahili kubaki taa kuu ya picha za mnato, na LED ipewe kazi chache inazozimudu vizuri. Flashi huangaza picha. LED huangaza shughuli yenyewe. Tofauti hiyo ina gharama zake, na kando ya ziwa hili gharama hizo ni kubwa kuliko zinavyoonekana katika video za mafunzo zinazorekodiwa ndani ya studio za Ulaya na Marekani.

Hesabu kwanza. Flashi ya kawaida ya kupachikwa juu ya kamera hutoa takriban jouli 60 hadi 75 ikifyatuliwa kwa nguvu zote, na huzitoa zote ndani ya kipande kidogo cha sekunde, kabla shata haijafunga. Taa ya LED ya wati 60, ambayo ndiyo wengi huanzia, hula jouli 60 katika sekunde nzima. Kamera ikiwekwa kasi ya 1/125, inaonja chini ya nusu jouli. Ni kweli kwamba LED hugeuza umeme kuwa mwanga kwa ufanisi wa mara mbili au zaidi kuliko mrija wa zenoni ulio ndani ya flashi. Hata ikipewa faida hiyo yote, inashindwa mara hamsini hivi.

Pengo hilo halimsumbui anayepiga picha ya kichwa na mabega kwa umbali wa mita moja. Linajitokeza ukoo ukiitwa. Katika harusi ya Kiluo hufika mahali MC akataja upande wa bwana harusi, na wanaoinuka hawawi watu wanane: ni akina baba wakubwa na wadogo, mashangazi, wake wenza, wajukuu, kwaya ya kanisa la nyumbani, safu tatu au nne za watu. Mpiga picha hurudi nyuma, na taa hurudi pamoja naye. Umbali ukiongezeka mara tano, mwanga hupungua mara ishirini na tano: taa inayotoa luksi 5,000 mita moja mbele yake hubaki na luksi 200 mita tano mbele. Kwa f/5.6 na 1/125, luksi hizo zinadai ISO ya 5,000 na ushei, na hapo softiboksi haijachukua fungu lake. Flashi mbili juu ya stendi hupiga picha hiyohiyo kwa f/8 na ISO 400, na dani, yaani bibi, aliye pembeni ya safu ya mwisho anaonekana hadi kope.

Watetezi wa LED hujibu kwamba kamera za leo zinavumilia ISO 6,400 bila chenga nyingi. Kwa picha itakayotazamwa kwenye simu, jibu hilo linatosha. Lakini picha ya ukoo ndiyo huchapishwa kubwa, ikatiwa fremu na kutundikwa sebuleni Siaya au Rachuonyo, na ukutani chenga hazina pa kujificha.

Mchana hakuna hata ubishi. Jua la utosini hapa hufikia luksi 100,000. LED ya wati 60 iliyosimama mita mbili kutoka kwa maharusi walio chini ya mti ni pambo tu. Flashi ina kikwazo chake, kwamba kamera nyingi hukubaliana nayo hadi kasi ya 1/200 au 1/250, na ukivuka hapo kwa njia ya kasi kubwa nguvu yake hushuka sana. Kamera ya Sony a9 III, iliyotangazwa 2023, imeondoa kikwazo hicho kwa kihisi kinachosoma picha nzima kwa mara moja, ila bei yake bado iko mbali na mfuko wa fundi wa kawaida wa Kisumu. Basi fundi huyo hufanya kama waliomtangulia: hufunga lenzi, huongeza nguvu ya flashi, huisogeza karibu.

Jioni ndiyo yenye mvuto. Kisumu iko kusini mwa ikweta kwa kilomita kama kumi tu, kwa hiyo jua huteremka karibu wima. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja jioni, dakika ishirini hivi baada ya kuzama Mombasa, na baada ya hapo nuru ya magharibi hudumu dakika ishirini na kitu pekee. Anayefuata mwongozo ulioandikwa London, ambako jioni ya Juni hujikokota kwa muda mrefu, atakuta giza limemtangulia. Pale Hippo Point, ambapo maharusi hupenda kupigwa picha jua likiwa nyuma yao juu ya maji, dakika za kwanza ni za flashi: bila nguvu yake nyuso ni vivuli vyeusi mbele ya anga linalowaka. Jua likishazama mambo yanageuka. Anga hushuka hadi luksi mia chache, LED ndogo inalingana nalo, na mpiga picha anaona mlingano huo katika kioo cha kamera huku akiupunguza au kuuongeza kwa kidole. Kwa robo saa hiyo LED haina mpinzani, na anayeikataa hapo anashikilia ukaidi.

Kisha giza linaingia na ziwa linatoa wadudu wake.

Kila aliyeishi Dunga, Usenge au Rusinga anawajua: visubi wa ziwani wasiouma, wa jamii za Chironomidae na Chaoboridae, ambao hukua matopeni chini ya maji na kuibuka kwa mamilioni, wakaonekana mchana kwa mbali kama nguzo za moshi juu ya ziwa. Wenyeji wamewala tangu zamani, na watafiti wa Bondo wakiongozwa na Monica Ayieko wamewahi kuwaokea vitafunio. Usiku hufuata nuru. Taa nyeupe ya LED ya 5,600 K iliyosimamishwa mita mbili kutoka ardhini, ikawaka saa tatu mfululizo karibu na maji, ni mwaliko usio na kadi. Kitambaa cha softiboksi huanza kuwa na madoadoa, halafu kikawa cha kijivu. Wanaonasa kwenye krimu ya keki hutolewa kwa ncha ya kisu. Wengine hushika kwenye poda ya bi harusi, ambaye hawezi kujifuta asiharibu vipodozi, na msimamizi wake anasimama na leso mkononi akipunga. Yote hayo yanaingia pichani.

Flashi nayo ina lawama: mdudu aliye karibu na lenzi hugeuka doa jeupe la mviringo. Lakini flashi haimwiti. Imewaka na kuzimika kabla mdudu hajageuza bawa.

Wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa hili, wangeweza kueleza haya bila kugusa kamera. Riziki yao inategemea kanuni hiyohiyo: usiku usio na mbalamwezi huelea na karabai juu ya maji, nuru huvuta vijidudu, na omena nao huja wakajikusanya chini yake hadi wavu upite. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani, pamoja na shirika la Global Nature Fund, ilianzisha Mbita kituo cha umeme wa jua ambako wavuvi walichaji betri na kukodi taa badala ya kununua mafuta ya taa. Upande wa Tanzania, mradi wa Lumina wa mtafiti Evan Mills ulizijaribu taa za LED pamoja na wavuvi wa usiku wa maziwa Victoria na Tanganyika, ikaonekana kuwa zinaweza kushika nafasi ya karabai. Kwa mvuvi hizo zilikuwa habari njema: hakuna mafuta, hakuna moshi, na mvuto wa nuru haukupotea. Mpiga picha wa harusi anayesimamisha taa ya aina hiyo mita hamsini kutoka ufukweni anatumia zana ya uvuvi, ajue asijue.

Kuna viumbe wengine wanaovutwa, nao ni wageni. Mwanahistoria wa sanaa Krista Thompson, katika kitabu chake Shine cha 2015, alichunguza taa ya mpiga video katika kumbi za dansi za Jamaika na kuonyesha jinsi watu walivyocheza kwa ajili ya taa hiyo, wakiitafuta na kushindana mbele yake. Mwenye macho ataona jambo la namna hiyo ngoma ya ohangla ikikolea Kisumu. Wenye kutaka kuonekana hujisogeza penye nuru, wazee wanaoumizwa macho nayo hugeuza viti, na meza zilizo nje ya duara huzama gizani kwa sababu macho ya wote yamezoea mwanga mkali. Hadi mwisho wa usiku picha zina sura zilezile kumi. Flashi inayobebwa mkononi na msaidizi inazunguka mezani, inamkuta mama mkubwa akicheka na chapati mkononi, inaondoka. Wapo wanaosema flashi inashtua. Inashtua mara moja. LED inamsimamia mtu usoni usiku kucha.

Suala la rangi lina historia nzito kuliko mafundi wengi wanavyokumbuka. Mtafiti Lorna Roth, katika makala yake ya 2009, alieleza jinsi kadi za Shirley za Kodak, zenye picha ya mwanamke mzungu, zilivyokuwa kipimo cha kusawazisha rangi ya ngozi katika maabara, na ngozi nyeusi ikalipa. LED za bei nafuu zinaweza kurudisha deni hilo kwa mlango mwingine. Mwanga wake una kilele kikali cha bluu karibu na nanomita 450, una bonde baada yake, na ni hafifu upande wa wekundu mzito, ule unaoipa ngozi ya kahawia uhai wake. Matokeo ni nyuso zenye kijivu ambacho hakiondoki hata mhariri akivuta vitelezi vyote. Mwanga wa zenoni umetandazwa sawasawa zaidi. LED nzuri zipo, zenye alama ya 95 na kuendelea kwenye kipimo cha uaminifu wa rangi, lakini mnunuzi anapaswa kuuliza pia alama ya R9, ile ya wekundu, ambayo wauzaji wengi huipita kimya.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Ijumaa usiku tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na sehemu nyingi zilikesha hivyo hadi siku ya pili, Jumamosi, siku ya harusi. Aliyetegemea waya wa ukumbi alitegemea jenereta ya mtu. Flashi yenye betri ya lithiamu hupiga mamia ya picha kwa chaji moja na akiba yake inaingia mfukoni.

Hata hivyo, mbali na ile robo saa ya machweo, zipo saa tatu ambazo flashi ikae begini. Ya kwanza ni asubuhi katika chumba anamovalia bi harusi, ambako nafasi ni finyu, umbali ni mita moja, na LED laini inayoongezea nuru ya dirisha inampa mpiga picha utulivu wa kungoja sura badala ya kuikatiza. Ya pili ni kanisani wakati wa kiapo, kwa kuwa mapadri na wachungaji wengi hawaipendi, na kwa kuwa shata ya kimya ya kamera nyingi haishirikiani na flashi. Hapo kuna mtego mmoja: umeme wa Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo taa rahisi za ukumbi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata hiyo ya kimya huchora mistari ya giza kwenye gauni jeupe. Kasi ya 1/100 au 1/50 huipunguza.

Ya tatu ni hotuba na dansi ya kwanza, pale mpiga video anapohitaji mkanda safi. Flashi ikipiga, kihisi cha kamera ya video kinachosoma mstari kwa mstari hunasa nusu ya fremu nyeupe na nusu ya kawaida, na katika dansi ya dakika tatu makovu hayo yanaweza kuwa mengi. Ugomvi huu ndio uliowasukuma wengi kuiacha flashi kabisa, ingawa dawa yake ni mapatano ya kabla ya harusi: dakika zipi ni za nani. LED itakayowaka katika dakika hizo iwekwe upande wa nchi kavu wa hema, juu ya vichwa, ishushwe hadi 3,000 K, maana nuru ya manjano huvuta wadudu wachache kuliko nyeupe yenye bluu, na flashi zitakazofuata zivalishwe karatasi ya rangi ya machungwa ili zifanane nayo. Wimbo ukiisha, msaidizi aizime.