Namba ya kitabu na namba ya Gatongora

Haya jamani, leo tupumzike kidogo na mambo ya msimbo. Waliokuja kusoma sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata wataipata wiki ijayo, Mungu akipenda. Leo nataka tuongee juu ya injini ya dizeli, tena ile kuukuu iliyofanyiwa ovaholi, ikarudishiwa kila kitu, halafu asubuhi ikakataa kuwaka. Mafundi husema "haina kompresheni". Neno hilo limewamalizia watu pesa nyingi hapa Ruiru, na historia yake ni tamu kuliko nilivyotarajia.

Kwanza msingi, kwa wale ambao gari kwao ni ufunguo na usukani tu. Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Pistoni hupanda, huibana hewa mpaka joto lake linapita nyuzi 400, kisha nozo hunyunyiza dizeli ndani ya hewa hiyo na dizeli huwaka yenyewe. Basi. Hita plagi husaidia tu wakati wa baridi. Hewa ikivuja, iwe ni kwenye ringi, vali au gasketi ya hedi, hakuna joto, na bila joto utazungusha stata mpaka betri ife.

Sasa, mtu anajuaje kinachotokea ndani ya chuma ambacho hawezi kukiona? Swali hili lilianza kabla ya dizeli, kabla hata ya petroli. Huko Uingereza James Watt alikuwa na geji ya kupima presha ya mvuke ndani ya silinda, na mwaka 1796 msaidizi wake, John Southern, aliongeza kibao kinachosogea pamoja na pistoni, na penseli inayopanda na kushuka kadiri presha inavyobadilika. Ukimaliza unabaki na mchoro kwenye karatasi: presha kwa kila hatua ya pistoni, kwenda na kurudi. Watt na wenzake walikificha kifaa hicho kama siri ya biashara kwa miaka mingi, na siwalaumu. Mwenye mchoro aliweza kuona kama vali imechelewa kufunguka. Asiye nao alikuwa akisikiliza na kukisia. Kwa lugha yetu, hiyo ndiyo logi ya kwanza ya injini.

Karibu miaka 100 baadaye kifaa cha jamii hiyo hiyo kilikuwa juu ya injini ya Rudolf Diesel mjini Augsburg, Ujerumani. Diesel alikuwa na hati ya hakimiliki na hesabu nyingi kwenye karatasi, lakini injini yake ya kwanza ya majaribio haikuweza kujiendesha. Ilizungushwa kwa mkanda kutoka kwenye mashine za kiwanda. Tarehe 10 Agosti 1893 mafuta yalipowaka ndani yake kwa mara ya kwanza, presha ilipanda ghafla hadi kama 80 na kifaa cha kupimia kikapasuka vipande. (Wangapi kati yetu tumewahi kuangusha seva kwa sababu ya logi yenyewe?) Tarehe 17 Februari 1894 injini ilijizungusha mara 88, karibu dakika moja nzima, ikazima. Ilichukua miaka mitatu zaidi, mpaka Februari 1897, profesa Moritz Schröter alipoipima rasmi na kukuta inageuza asilimia 26.2 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Injini nyingi za mvuke za wakati huo hazikufika hata nusu ya hapo. Diesel mwenyewe alitoweka melini usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 akiwa safarini kwenda Uingereza, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Nataka mshike jambo moja hapa. Geji ambayo fundi wako anaifunga kwenye tundu la hita plagi ni mjukuu wa kifaa cha Southern, ila ni mjukuu aliyepoteza penseli. Haichori chochote. Inakupa namba moja tu, ile ya juu kabisa, na inakuachia wewe ujue maana yake.

Dizeli ilikuwa kubwa na nzito kwa miaka mingi: meli, viwanda, baadaye malori. Kilichoiingiza kwenye gari dogo ni mambo mawili, pampu za Bosch zilizoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1927, na chemba ndogo pembeni ya silinda ambamo hewa huzunguka kwa kasi kabla ya kukutana na mafuta, kazi ambayo Mwingereza Harry Ricardo aliifanyia utafiti mkubwa. Mercedes-Benz ilitoa 260 D mwaka 1936. Peugeot ikafuata na 403 ya dizeli mwaka 1959. Chemba hiyo ndogo ina gharama yake: kuta zake hunyonya joto, kwa hiyo injini za aina hii hulazimika kuibana hewa zaidi, mara 21 hadi 23, na huhitaji hita plagi. Kwa maneno mengine hazina nafasi ya kuvuja hata kidogo.

Hizo ndizo zilizokuja kwetu. Land Rover za dizeli, Peugeot 504, pikapu za Kijapani. Miaka ya 1970 Leyland walijenga kiwanda cha kuunganisha magari Thika, ndicho kilichokuja kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na 504 nayo iliunganishwa humu nchini kwa miaka mingi. Wakati huo gari lilikuwa na kampuni nyuma yake: kitabu cha fundi, vifaa maalum, na mafundi waliofundishwa kukisoma. Mafundi wa nje, chini ya mti, walikuwepo pia. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyoifanya dunia ianze kuzungumza juu ya sekta isiyo rasmi, na miaka ya 1980 jina la jua kali likaingia hata kwenye hotuba za serikali. Halafu miaka ya 1990 milango ya mitumba ya Japani ikafunguka. Magari yakaja kwa wingi, kitabu kikabaki Japani, au kikaja kikiwa kwenye dashibodi kwa Kijapani. Maarifa yakahamia kwenye sikio la fundi na kwenye namba chache zinazosemwa kwa mdomo. Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipopoteza kitu. Mafundi wetu hawana upungufu wa akili. Shida ni kwamba namba inaposafiri bila kitabu huacha nyuma masharti yake.

Mfano uko hapa hapa Gatongora. Mzee jirani yangu ana Hilux ya injini ya 3L, ile ya lita 2.8, anayobebea maziwa na nyasi ya ng'ombe. Aliuza ng'ombe mmoja ili ifanyiwe ovaholi: silinda zikapanuliwa, pistoni na ringi mpya, vali zikasagwa zikakaa vizuri, gasketi mpya. Likaanza kusumbua asubuhi za Julai, na nyinyi mnaijua baridi ya Kiambu mwezi huo. Linatetemeka, linatoa moshi mweupe, likipata moto linatulia. Mtu mmoja akalipima, akasoma 26, 27, 26, na 19. Akasema kitabu kinataka 32, kwa hiyo silinda zote nne zimekufa, ringi ni bandia, injini ifunguliwe upya. Mzee akaanza kumwangalia ng'ombe wa pili.

Namba 32 ni ya kweli. Toyota wanaandika kilo 32 kwa sentimita mraba au zaidi kwa injini hii, chini kabisa 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Lakini injini haiumbi hewa. Inaibana ile iliyoikuta nje. Gatongora iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu ina presha pungufu kwa kama asilimia 16 ikilinganishwa na ya Mombasa. Ukianza na pungufu utamaliza na pungufu kwa kiwango kile kile. Asilimia 84 ya 32 ni kama 27. Yaani silinda tatu za mzee zilikuwa nzima kabisa! Ni yale yale ya "kwangu inafanya kazi": namba imetoka kwenye mashine ya usawa wa bahari ikaletwa kuhukumu mashine ya mlimani. Na joto la hewa iliyobanwa linategemea zaidi imebanwa mara ngapi kuliko presha iliyoanza nayo, ndiyo maana dizeli nzima huwaka vizuri hata Limuru.

Ile ya nne ndiyo iliyokuwa na neno. Si kwa sababu ya 19 yenyewe, kwa sababu kiwango cha chini nacho kikishushwa kwa hesabu hiyo hiyo kinakuwa kama 17. Tatizo ni kwamba iko 7 au 8 chini ya wenzake, na kitabu kinaruhusu 5. Wenzake wanavuta hewa ile ile, wanazungushwa na stata ile ile na betri ile ile. Kwa hiyo tofauti hiyo huwezi kuisingizia mlima wala betri.

Kwenye karakana nyingi hatua inayofuata ni kumwaga mafuta ya injini kidogo juu ya pistoni na kupima tena. Presha ikipanda, ringi ndizo zinazovuja. Isipopanda, tafuta kwenye vali au gasketi. Huu ni urithi wa magari ya petroli, na kwenye petroli una mantiki. Hebu tupige hesabu. Silinda moja ya petroli ya sentimita za ujazo 400 inayobana mara 9 hubakiwa na nafasi ya 50 pistoni ikiwa juu kabisa. Tia mafuta 10, inabaki 40, sasa inabana mara 11. Si mabadiliko makubwa. Silinda moja ya 3L ina ujazo wa 695 na hubana mara 22.2, kwa hiyo nafasi inayobaki juu ni kama 33 tu. Tia 10 zile zile, inabaki 23, na sasa inabana zaidi ya mara 31! Geji itapanda hata kama ringi hazina kosa lolote, na fundi atasema "umeona?" Kipimo chenyewe kimebadilisha kitu kinachopimwa. Zaidi ya hapo, mafuta hayabanwi kama hewa. Ukizidisha unaweza kupinda fimbo ya pistoni.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini unene wa gasketi ya hedi ni jambo kubwa kwenye dizeli. Kila sehemu ya kumi ya milimita inaongeza nafasi kwa kama 0.7 kwenye kila silinda ya 3L. Ukiwekewa gasketi nene kupita kiasi, silinda zote nne zitashuka pamoja. Kwa mzee zilikuwa tatu sawa na moja chini, kwa hiyo gasketi nene ikafutwa kwenye orodha.

Tulimpata fundi mwingine, mtu wa makamo anayefanya kazi kando ya karakana ya kupaka magari rangi, na faida ya kuwa hapo ni kompresa. Akaipeleka pistoni ya nne juu kabisa vali zikiwa zimefungwa, akaweka gia ili injini isizunguke, akafunga mpira wa hewa kwenye tundu la hita plagi na kufungulia hewa. Halafu akanyamaza na kutuambia nasi tunyamaze. Alisikiliza kwenye kifuniko cha mafuta ya injini: kimya, kwa hiyo ringi zinashika. Akatazama rejeta: hakuna mapovu, kwa hiyo gasketi haipitishi hewa kwenye maji. Akaweka sikio kwenye mpira wa kuvutia hewa, hakuna kitu. Akaenda nyuma ya gari, akainama kwenye ekzosi, akacheka.

"Mzee, njoo usikie pesa zako zinavyotoka."

Ilikuwa vali ya ekzosi. Vali inaposagwa inazama kidogo kwenye kiti chake, na mguu wake unainuka upande wa juu. Kwenye 3L nafasi kati ya kemu na vali, chini ya nusu milimita, hupangwa kwa vipande vidogo vya chuma vya unene tofauti. Aliyeifunga injini alirudisha vipande vile vile vya zamani. Kwenye vali ile nafasi ikaisha kabisa, kemu ikawa inaishikilia wazi kiasi cha unywele. Fundi alitoa kifuniko cha juu, akapima zote nane kwa filageji, akaagiza vipande vitatu vyembamba kutoka Kirinyaga Road. Hedi haikuguswa. Alipopima tena ya nne ilisoma 26, na asubuhi iliyofuata gari likawaka kwa stata moja. Vali yenyewe ilikuwa haijaungua bado; kama lingeendelea kutembea hivyo mwezi au miwili, fundi alisema, tungekuwa tunanunua vali na kiti chake pia.

Nilimwuliza anajuaje kwamba 26 inatosha. Akasema yeye hupima magari mengi hapa, na mazima yote husoma hapo hapo, 26 au 27. Hiyo 32 ameiona mara moja tu, kazini Mombasa. Hakuwahi kuambiwa habari ya presha ya hewa. Nilipomweleza aliitikia kwa kichwa, akachukua chaki, akaandika "27" kwenye mlango wa kabati lake la spana, kisha akaniuliza Nakuru itakuwa ngapi. Nakuru iko kama mita 1,850, kwa hiyo tukapata 25 na kitu.

Wiki ijayo hifadhidata. Pampu za Bosch na nozo zitafuata nikipata nafasi, maana huko nako kuna mambo.